Julius Nyerere na sheria dhidi ya ubaguzi

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 – London, Uingereza, 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu, mwanasiasa na mwandishi, waziri mkuu wa kwanza wa Tanganyika na rais wa kwanza wa Tanganyika na baadaye wa Tanzania. Anajulikana zaidi kama Baba wa Taifa na kwa siasa ya Ujamaa. Makala hii inaeleza maisha yake kwa upande mmoja, yaani jinsi alivyopambana na ubaguzi kwa njia ya sheria: nani ahesabiwe raia, nini kiitwe ubaguzi, na nini kilitokea pale sheria zilipobaki nyuma ya maneno, hasa katika wilaya ya Hanang.

== Maisha ya awali ==

Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo lenye watu wachache kuliko majirani zake wengi. Mama yake aliitwa Mgaya. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha akaenda shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1943 akachagua jina la Julius. Mwaka huohuo aliingia Chuo cha Makerere, Uganda, akatoka na stashahada ya ualimu mwaka 1945.

Alifundisha shule ya St. Mary's, Tabora, kisha akapata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kuanzia 1949 hadi 1952. Huko alisoma historia, uchumi na falsafa. Kabla ya kurudi nyumbani aliandika insha ndefu juu ya tatizo la rangi katika Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba Waafrika hawatakubali kutawaliwa na wachache, lakini pia kwamba Wazungu na Waasia walioamua kuishi hapa wanaweza kuwa wananchi, mradi wakubali kuwa sawa na wengine. Hoja hiyo aliishika karibu maisha yake yote.

Aliporudi alimwoa Maria Gabriel mwaka 1953, akafundisha chuo cha St. Francis, Pugu. Kutoka hapo alipata jina la Mwalimu, ambalo hakuliacha hata alipokuwa rais.

== Tanganyika chini ya Waingereza ==

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Kwa sensa ya mwaka 1957 Wazungu walikuwa takriban 20,000 na watu wenye asili ya Bara Hindi zaidi ya 70,000, katikati ya Waafrika zaidi ya milioni nane. Hata hivyo karibu kila jambo liligawanywa kwa rangi. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika. Hospitali, mishahara ya serikali na hata mahakama za ngazi ya chini vilifuata mgawanyo huohuo.

Ardhi nayo ilikuwa na sheria yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitambua haki ya kutumia ardhi kwa mila, lakini kwa mtu aliyeitwa "mwenyeji" tu, yaani mtu wa jamii ya Kiafrika. Neno hilo lilionekana kumlinda Mwafrika. Kwa kweli lilimweka katika fungu la pekee, lenye haki dhaifu kuliko za mwenye hati ya serikali. Udhaifu huo ulionekana wazi mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wa Kizungu wapewe eneo hilo. Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952, lakini hawakurudishiwa ardhi wakati huo.

Katika Baraza la Kutunga Sheria gavana Edward Twining alileta mwaka 1955 mpango wa viti sawa kwa Waafrika, Waasia na Wazungu. Serikali iliuita usawa. Kwa hesabu, maana yake ilikuwa kwamba kura ya Mzungu mmoja ilikuwa na uzito kuliko kura za mamia ya Waafrika.

== TANU na kura tatu ==

Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwaka 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York. Aliporudi alilazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi ya kufundisha.

Serikali ya kikoloni iliandaa uchaguzi wa 1958 na 1959 kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ingeharibika. Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuunda chama cha African National Congress kilichodai Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Uamuzi wa Tabora ulizaa matunda. TANU iliwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na lengo la uhuru, nao wakashinda kwa kura za Waafrika. Katika Jimbo la Kaskazini, ambalo Mbulu ilikuwa sehemu yake, Derek Bryceson alishinda kiti cha Wazungu na Sophia Mustafa kiti cha Waasia. Hivyo utaratibu uliotungwa kuwatenga watu kwa rangi uligeuka kuwa njia ya kuwafahamisha.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Huko mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo wa Wairaqw, alishindwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi.

== Mjadala wa uraia, 1961 ==

Tanganyika ilipokaribia uhuru, ilibidi sheria iseme nani atakuwa raia siku hiyo. Serikali ya Nyerere ilipeleka bungeni Oktoba 1961 mapendekezo yafuatayo:

* Mtu aliyezaliwa Tanganyika, mwenye angalau mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika, atakuwa raia moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961.
* Mtu aliyezaliwa nchini ambaye wazazi wake wote walizaliwa nje ataweza kujiandikisha katika muda wa miaka miwili.
* Mgeni aliyekaa muda unaotakiwa ataweza kuomba.
* Mtu mzima hataruhusiwa kushika uraia wa nchi mbili.

Rangi, dini na kabila havikutajwa popote. Wabunge kadhaa wa TANU yenyewe walipinga vikali. Walisema kwamba Waafrika ndio walionyanyaswa, kwamba biashara na vyeo bado vilikuwa mikononi mwa wengine, na kwamba kuwapa watu hao uraia ni kuwapa nafasi ya kuendelea kutawala kwa mlango wa nyuma. Uchungu huo ulikuwa na sababu, na uliungwa mkono na watu wengi nje ya bunge.

Nyerere aliwajibu tarehe 18 Oktoba 1961 kwa ukali ambao haukuzoeleka kwake. Alieleza kwamba uraia ukitenganishwa na uaminifu na kufungwa kwenye rangi ya ngozi, hakuna mahali pa kusimamia tena: anayembagua Mhindi leo atambagua Mwafrika wa kabila jingine kesho. Aliwakumbusha wabunge mahali ambapo njia ya kutukuza damu iliwafikisha Wajerumani chini ya Hitler, ambaye serikali yake iliua Wayahudi wapatao milioni sita, na inakowapeleka Makaburu wa Afrika Kusini chini ya Verwoerd. Kisha akawaachia wabunge wapige kura kwa hiari, huku akitangaza kwamba serikali ikishindwa itajiuzulu. Mapendekezo yalipita.

Mjadala huo una uzito katika historia ya sheria nchini. Kiongozi wa walio wengi, tena waliokuwa wameonewa, aliweka cheo chake rehani wiki chache kabla ya uhuru ili kulinda wachache ambao hawakuwa na kura za kumsaidia.

== Baada ya uhuru ==

Mwanzoni mwa 1962 shule za rangi mbalimbali ziliunganishwa katika mfumo mmoja. Mwaka 1963 mahakama za wenyeji zilifutwa kama fungu la pekee na kuingizwa katika mfumo wa mahakama za mahakimu, na madaraka ya kisheria ya machifu yakaondolewa. Mwaka huohuo TANU ilifungua milango kwa raia wa rangi zote. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 Nyerere alishindana na Mtemvu, mtetezi wa siasa ya rangi, akapata zaidi ya asilimia 98 ya kura.

Januari 1964 alitoa waraka uliokomesha upendeleo wa rangi katika ajira ya serikali: tangu hapo raia wote wahesabiwe sawa katika kuajiriwa na kupandishwa cheo. Vyama vya wafanyakazi vilinung'unika. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai pamoja na mambo mengine maofisa wa Kizungu waondolewe.

Baada ya Azimio la Arusha la 5 Februari 1967 mabenki na makampuni makubwa yalitaifishwa. Kwa kuwa wenye mali wengi walikuwa Waasia na Wazungu, wako waliolipokea azimio kama ushindi wa rangi moja juu ya nyingine. Siku chache baadaye Nyerere aliandika gazetini kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja, na kwamba mtu apimwe kwa matendo yake. Hata hivyo, sheria ya Aprili 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwagusa zaidi Waasia, na wengi wao walihama nchi. Sheria ilitaja thamani ya nyumba, si rangi ya mwenyewe, lakini matokeo yake yalifuata rangi. Wanasheria wanaendelea kujadili kama sheria ya namna hiyo iitwe ya kibaguzi.

Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Nyerere alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa Afrika waliokiita kitendo hicho ubaguzi waziwazi.

== Wayahudi, Israeli na maana ya ubaguzi ==

Mwaka 1972 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi. Mkataba huo una historia inayohusu Wayahudi. Mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 masinagogi na makaburi ya Wayahudi katika nchi nyingi yalichafuliwa kwa alama za Wanazi, na matukio hayo yalisukuma Umoja wa Mataifa kuandaa mkataba. Lakini ulipojadiliwa mwaka 1965, pendekezo la kuitaja chuki dhidi ya Wayahudi kwa jina lilijibiwa na Umoja wa Kisovyeti kwa kutaka Uzayuni nao utajwe. Mwishowe vyote viwili viliachwa. Mkataba ukatoa maana ya jumla: ubaguzi ni tofauti yoyote inayofanywa kwa misingi ya mbari, rangi, nasaba au asili ya kitaifa au kikabila, kwa lengo au kwa matokeo ya kumnyima mtu haki sawa. Ni ubaguzi wa Afrika Kusini peke yake uliotajwa kwa jina.

Kuhusu dola la Israeli msimamo wa Nyerere ulibadilika kwa hatua. Baada ya uhuru nchi hizo mbili zilikuwa na uhusiano mzuri, na wataalamu wa Israeli walisaidia katika ushirika na mafunzo ya vijana. Baada ya vita vya Juni 1967 Nyerere alieleza kwamba kuanzishwa kwa Israeli kuliwaonea Waarabu, lakini kwamba haja yake ya kutambuliwa kama taifa inaeleweka, na maeneo yaliyotekwa lazima yarudishwe. Oktoba 1973 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika. Ulirudishwa mwaka 1995. Mwaka 1975 Tanzania iliunga mkono azimio namba 3379 la Umoja wa Mataifa lililoutaja Uzayuni kuwa aina ya ubaguzi wa rangi. Azimio hilo lililalamikiwa na wengi kwamba lilifungua mlango wa chuki dhidi ya Wayahudi kwa jumla, na lilifutwa tarehe 16 Desemba 1991, ambapo Tanzania haikupiga kura upande wowote.

Katika fasihi, Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ''Juliasi Kaizari'' (1963) na ''Mabepari wa Venisi'' (1969). Ya pili inamhusu Shylock, Myahudi mkopeshaji wa fedha, na kwa karne nyingi imebishaniwa kama inachochea chuki dhidi ya Wayahudi au inaifichua. Kwa jina la Kiswahili Nyerere hakuandika wafanyabiashara bali mabepari, kwa wingi. Hivyo msomaji anaelekezwa kuutazama mfumo wa fedha unaowahusu matajiri wote wa mji huo, Wakristo kwa Wayahudi.

Tukio lililowagusa Wayahudi wa Afrika Mashariki moja kwa moja lilikuja kwa njia ya vita. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jamii ya Waafrika iliyoshika dini ya Kiyahudi chini ya Semei Kakungulu tangu 1919. Idi Amin, ambaye mwaka 1972 alimpelekea katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi akisifu mauaji yaliyofanywa na Hitler, alipiga marufuku ibada zao. Majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 na kumwondoa Amin, Abayudaya walipata tena uhuru wa kuabudu. Vita havikupiganwa kwa ajili yao; Nyerere alikuwa akijibu uvamizi wa Kagera wa mwaka 1978.

== Hanang: neno "mwenyeji" mahakamani ==

Nyerere aliondoa rangi katika sheria ya uraia, lakini serikali yake iliiacha Sheria ya Ardhi ya 1923 pamoja na neno lake "mwenyeji". Matokeo yalionekana Hanang, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu mwaka 1969.

Katika nyanda za Basotu, chini ya mlima Hanang, Wabarabaig, tawi la Wadatoga, walikuwa wakichunga ng'ombe kwa kuhamahama kufuata majira. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha huko kilimo kikubwa cha ngano chini ya shirika la NAFCO. Mashamba yalifikia saba (Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret) yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Wafugaji walipoteza malisho bora, njia za maji na hata makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji kadhaa walifungua kesi Mahakama Kuu, Arusha, nao wakashinda. NAFCO ilikata rufani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo: halmashauri ya kijiji haikuonyesha kwamba iligawiwa ardhi hiyo, na wanakijiji hawakuthibitisha kwa ushahidi kwamba wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria. Watu waliozaliwa na kuzika wazee wao katika nyanda zile walitakiwa kuthibitisha asili yao kwa neno la kikoloni. Mwaka 1987, Nyerere akiwa ameshaacha urais, tangazo la serikali lilifuta haki za kimila katika maeneo hayo.

Mahakama yenyewe ndiyo iliyokuja kurekebisha mwelekeo. Desemba 1994, katika kesi ya baba na mwanawe kutoka kijiji cha Kambi ya Simba, Karatu, eneo ambalo lilikuwa sehemu ya Mbulu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kufutwa bila fidia ya haki. Sheria mpya za ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliifuta ile ya 1923.

== Haki za binadamu katika Katiba ==

Wakati wa uhuru Nyerere na wenzake walikataa kuweka katika Katiba sura ya haki za binadamu. Walihofia kwamba majaji, ambao wengi bado walikuwa wageni, wangezuia mabadiliko ambayo nchi maskini ilihitaji. Badala yake mwaka 1965 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi kusikiliza malalamiko. Wakati huohuo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilimruhusu rais kumfunga mtu bila kesi. Wakosoaji wanasema kwamba aliyepinga ubaguzi kwa nguvu kiasi hicho aliwaacha raia bila mahali pa kumshtaki mtawala.

Msimamo huo ulibadilika mwaka wake wa mwisho. Mabadiliko ya Katiba ya 1984 yaliingiza haki za binadamu, nazo zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inatoa maana ya kubagua: kuwatendea watu tofauti kwa kuzingatia utaifa wao, kabila, mahali walipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini au hali yao ya maisha, hata watu wa aina fulani wakahesabiwa dhaifu au duni. Jinsia iliongezwa mwaka 2000. Kama mkataba wa kimataifa, ibara haitaji kundi lolote kwa jina. Mhindi, Mbarabaig au Myahudi aliye raia analindwa kwa maneno yaleyale.

== Kustaafu, kifo na kumbukumbu ==

Nyerere aliacha urais Novemba 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Alirudi Butiama kulima, lakini aliendelea kuonya juu ya ukabila na udini, hasa kabla ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1995. Alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, ambako watu waliuana kwa ukabila, hadi alipofariki kwa kansa ya damu katika hospitali ya St. Thomas, London. Alizikwa Butiama. Kanisa Katoliki lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Sheria ya uraia imeandikwa upya mwaka 1995, lakini msingi wa 1961 wa kutotaja rangi wala dini umebaki. Katika Hanang na Mbulu, ambazo tangu 2002 ziko katika Mkoa wa Manyara, suala la malisho ya Wadatoga bado ni sehemu ya mazungumzo ya kila siku kati ya vijiji na serikali.

== Tazama pia ==

* Abayudaya
* Azimio la Arusha
* Uraia wa Tanzania
* Wadatoga
* Wairaqw
* Wilaya ya Hanang